Mjomba Aliniandikia Beti Kumi na Mbili

Mpendwa Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Bungoma. Naishi Kitale na mke wangu na binti yetu mdogo. Hadi mwaka jana nilikuwa nafundisha shule ya upili, nikilipwa na bodi ya shule, mshahara mdogo na wa kuchelewa. Januari niliacha, nikakodi ekari tatu upande wa Kiminini nilime mahindi. Mjomba wangu, ndugu wa mama, ni mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu na anaishi karibu na Chwele. Alinikopesha shilingi elfu sitini bila riba, nilipe nikishauza mavuno. Yeye mwenyewe aliwahi kulima zamani, akaacha.

Mwezi uliopita alimpa dereva wa matatu debe la njugu aniletee, na ndani ya debe kulikuwa na barua. Ni shairi la beti kumi na mbili, limeandikwa kwa mkono kwenye fulskepu. Ananiita Waziri wa Mahindi. Anauliza kama ni kweli mvua ya Kitale siku hizi huja kwangu kuomba ruhusa kabla ya kunyesha. Anavisifu viatu vyangu vya mpira alivyoviona katika picha niliyomtumia. Anasema havina hata tone la tope, basi bila shaka shamba langu limetandikwa zulia. Anasema Bungoma nzima imeacha kulima, inangoja magunia yangu. Ubeti wa nane sikuuelewa, ni habari za ng'ombe aliyekufa na mtu aliyebeba nira begani hadi kwake. Nadhani alikuwa anajaza nafasi. Mwisho anasema anangoja jibu.

Nilifurahi sana. Nililipiga picha nikaliweka kwenye kundi la familia la WhatsApp. Watu wakacheka, nami nikadhani wanafurahi pamoja nami. Jioni mke wangu alilisoma polepole akaniambia, "Baba Nekesa, huyu mzee anakucheka."

Tangu siku hiyo mjomba akipiga simu sipokei. Nimefikiria kuuza mahindi yangali mabichi shambani, nimrudishie pesa zake tumalizane. Shida ni kwamba Agosti hii ndugu yangu mdogo anatahiriwa, na kwa desturi yetu ni lazima aende kwa mjomba huyo huyo, na mama anataka mimi nimsindikize. Mwalimu, mtu anayekupenda anaweza kukuandikia hivi? Haya ni mafunzo au ni matusi?

Aliyechekwa, Kitale

*

Kijana wangu,

Nimelisoma shairi lote uliloambatisha, tena na tena. Nianze na lile linalokuuma: mkeo ameona sawa. Mjomba wako amekucheka. Ningekuambia kuwa ni sifa tupu ningekuwa nakudanganya, nawe una haki ya kuambiwa kweli. Lakini umeniuliza ni mafunzo au ni matusi, na hapo sitaki kukujibu kwa neno moja. Wako watu waliofundisha kwa njia hii hii ya barua za mashairi, wakiweka kicheko na wosia katika mstari mmoja, na mmoja wao alisimulia habari za mtu aliyeacha kazi yake ya mjini akaenda kulima kwa pesa alizopewa na mkubwa. Nikusimulie hiyo kwanza, kisha turudi Chwele.

Jina lake Horatius. Alizaliwa mwaka wa 65 kabla ya Kristo katika mji wa Venusia, kusini mwa Italia. Baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, akapata riziki yake katika shughuli za minada, na alichokipata akakitumia kumpeleka mwanawe Roma asome pamoja na watoto wa wakubwa. Mzee huyo alikuwa na namna yake ya kulea. Hakumhubiria mtoto, alimwonyesha watu. Mtazame fulani alivyoutapanya urithi wa babake. Msikilize fulani anavyosemwa mtaani. Mtoto akakua na jicho kali la kuona makosa ya wenzake, na ujana wake akautumia kutunga mashairi ya kuwacheka. Alipokaribia miaka arobaini na mitano akageuza mwendo. Mnamo mwaka wa 20 kabla ya Kristo alitoa kitabu cha barua ishirini, zote kwa ushairi wa Kilatini, nyingi zikiwa zimeandikiwa mtu anayetajwa kwa jina: rafiki, kijana anayeanza maisha, mfadhili wake. Moja alimwandikia msimamizi wa shamba lake aliyekuwa akitamani mjini. Ya mwisho alikiandikia kitabu chenyewe kilipokuwa kinatoka nyumbani. Katika moja alimwomba mungu wa kike wa ushairi ampelekee rafiki salamu, na wewe uliyekuwa mwalimu unajua kuwa malenga wetu nao huusimamisha waraka, wakauelekeza njia na kuuagiza ukifika useme nini.

Barua ya saba ndiyo ninayotaka uisikie. Ameandikiwa Maecenas, tajiri na mtu wa karibu wa mtawala Augustus, ambaye ndiye aliyemfadhili Horatius hata akaweza kuishi kwa kutunga, na ndiye anayeaminiwa kuwa alimpa shamba lake katika vilima vya Wasabini. Horatius alikuwa ameaga Roma akisema anakwenda mashambani siku tano tu. Akakaa Agosti nzima. Mfadhili anamtaka arudi. Sasa fikiri, kijana wangu: unamwambiaje mtu aliyekutoa kwenye dhiki kwamba unamshukuru kwa moyo wote, lakini shukrani yako haijakufanya mali yake? Horatius hakusema hivyo moja kwa moja. Alimsimulia Maecenas hadithi.

Palikuwa na wakili mashuhuri aliyeitwa Philippus. Mchana mmoja anatoka kazini amechoka, akamwona mtu ameketi kivulini kwa kinyozi, amekwisha kunyolewa, anajisafisha kucha kwa utulivu. Akamtuma mtumishi aulize ni nani. Jibu likaja: ni Volteius Mena, mpiga mnada, mtu wa kipato kidogo, hana doa, anajua wakati wa kuhangaika na wakati wa kupumzika, ana rafiki wa kiasi chake na nyumba yake mwenyewe. Philippus akamwalika chakula cha jioni. Mena akakataa. Kesho yake Philippus akamkuta anauza vitu vya bei nafuu kwa watu wa kawaida, akamsalimu yeye kwanza, na huyu akaona haya, akaomba radhi, akaja. Tangu hapo akawa mtu wa kwenda kwa tajiri kila siku. Likizo moja akachukuliwa mashambani kwa Wasabini, akapanda kigari, akaanza kusifu hewa na udongo bila kunyamaza. Philippus akaona, akacheka. Alikuwa akitafuta cha kumchangamsha. Akampa sesta elfu saba, fedha za Kirumi, akaahidi kumkopesha elfu saba nyingine, akamshawishi anunue kishamba.

Mena akanunua. Mtu nadhifu wa mjini akawa hana mazungumzo ila matuta na mizabibu. Akajiua kwa kazi, akazeeka kwa kiu ya kuongeza. Kisha kondoo wakaibwa. Mbuzi wakafa kwa ugonjwa. Mazao yakamvunja moyo. Ng'ombe wake akafia kwenye jembe. Usiku wa manane akachukua farasi, akaenda kwa hasira hadi nyumbani kwa Philippus, mchafu, nywele zimemjaa, akamsihi kwa kila kitakatifu amrudishe katika maisha aliyomtoa.

Ukisikia hadithi hii haraka utadhani ni ya kumcheka mkulima mjinga. Mimi naiona ya kumhukumu Philippus. Ni yeye aliyetoa pesa ili apate kucheka. Hakuwa na kitu cha kupoteza katika kishamba kile. Kikistawi atapata la kusimulia mezani, kikifa atapata la kusimulia mezani. Na anayeisimulia ni nani? Ni Horatius, ambaye yeye mwenyewe anakaa kwenye shamba la vilima hivyo hivyo vya Wasabini, kwa ufadhili wa mkubwa. Akimcheka Mena anajicheka. Anamwambia Maecenas wazi kwamba, ikibidi, yuko tayari kurudisha vyote alivyopewa, na anayasema hayo bila kinyongo na bila kusahau kumshukuru. Kuna mcheshi aliyesimama juu ya ukingo na kuna mcheshi aliye ndani ya shimo na wewe. Maneno yao yanaweza kufanana neno kwa neno.

Ndiyo maana nimekuwa nikimpenda mshairi huyu kuliko wengi wanaofundisha maadili. Katika barua ya nane anamwandikia Celsus, kijana aliyepata cheo cha kuandamana na Tiberius, mtu ambaye baadaye alikuja kutawala Roma. Unaona wazi kwamba anataka kumwonya asivimbe kichwa. Lakini anaanza na yeye mwenyewe: mwambie siishi vizuri, wala si kwa sababu mvua ya mawe imepiga mizabibu yangu, ni kwa sababu nafsi yangu ni mgonjwa kuliko mwili, nawakasirikia wanaotaka kuniponya, nikiwa Roma natamani mashambani, nikiwa mashambani natamani Roma. Baada ya kujianika hivyo ndipo anapomwachia kijana onyo moja fupi sikioni. Na mwishoni mwa kitabu, anapojieleza kwa wasomaji, anajitaja kuwa mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, mfupi, mwenye mvi kabla ya wakati, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kutulia. Mwalimu wa namna hii anakuchoma, lakini kwanza amejichoma mbele yako.

Basi chukua shairi la mjomba, lifungue pale pale uliposema anajaza nafasi.

Mtu aliyefundisha Kiswahili maisha yake yote hajazi nafasi katika ubeti wa nane. Vina vyake kila mahali vimekaa sawa, mizani haikupungua hata moja. Asingekosa la kusema katikati ya shairi. Ubeti ule una ng'ombe aliyeanguka ndani ya tuta akiwa amefungwa nira, na mtu aliyeifungua akaibeba begani akarudi nayo nyumbani kwa njia ya nyuma ili majirani wasimwone. Umeandika mwenyewe katika barua yako, tena kwa sentensi moja ukapita, kwamba mjomba aliwahi kulima zamani akaacha. Uliwahi kumuuliza kwa nini aliacha? Mimi simjui mzee huyu. Lakini naamini aliyebeba nira ni yeye, na kwamba katika beti kumi na mbili za mzaha amekufungulia mlango mmoja wa maisha yake ambao pengine hata mama yako hakuwahi kuonyeshwa. Ubeti ule haumtaji Waziri wa Mahindi. Hauna mzaha hata kidogo. Amejiweka ndani ya shimo, na anakuandikia kutoka humo.

Kwa hiyo sikubali kwamba mjomba wako ni Philippus. Philippus asingekuambia habari ya nira.

Nikishaliona hilo, beti nyingine nazisoma upya. Viatu visivyo na tope: anakuuliza kama unakwenda shambani mwenyewe au unakwenda kupiga picha. Na samahani, nakuuliza vilevile. Barua yako inataja ekari tatu na mkopo, lakini hukuniambia kama umetia mbolea ya kukuzia, nani anakagua viwavijeshi ambao tangu 2017 wamekuwa wakila mahindi ya Trans Nzoia yangali madogo, wala utayaanika wapi ukivuna. Mvua inayoomba ruhusa: anakuuliza umejipangaje mvua isiponyesha, au ikizidi wakati wa kuvuna, maana mahindi yenye unyevu zaidi ya asilimia 13.5 hayapokelewi kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka, na wanunuzi wa barabarani wanajua kukubana bei wakikuona una haraka. Magunia yanayongojwa na Bungoma nzima: anakuonya usitumie pesa ya gunia ambalo bado ni maua. Haya ni maswali ya mtu aliyekopesha elfu sitini na anataka uzirudishe ukiwa umebaki na zako. Angeweza kuyauliza kwenye simu kwa dakika tano. Ungemwambia, "Ndiyo, mjomba, ndiyo, mjomba," na ungekata simu.

Tena umesahau kuwa hii si mara ya kwanza mjomba kukufanyia hivi. Kwenu Bungoma, katika Agosti za miaka shufwa, mvulana anayekwenda kutahiriwa hupiga chinyimba, zile njuga za chuma, nyumba kwa nyumba akialika jamaa, kisha huenda kwa khocha wake, yaani mjomba wake. Katika nyumba nyingi za Wabukusu khocha hampokei kwa maneno matamu. Humkaripia mbele ya watu. Humwambia yeye ni mwoga, kisu hakiwezi, arudi kwa mama yake. Pengine humzaba kofi. Mvulana hutokwa machozi, ya hasira zaidi kuliko ya maumivu. Na khocha huyo huyo huchinja ng'ombe, akamvisha mpwa wake nyama shingoni, akamrudisha kwao akiwa na heshima ya ukoo wa mama. Wanaotazama wanajua kwamba matusi yale na nyama ile vimetoka mkono mmoja kwa kusudi moja. Wewe ulisimama pale miaka iliyopita. Naamini ni mzee huyu huyu aliyekukaripia. Hukurudisha nyama.

Sasa amekupa mkopo na karipio kwa pamoja, akiwa na kalamu badala ya ng'ombe. Utu uzima una majaribio yake ya kisu, na kuacha mshahara, hata uwe mdogo namna gani, ili ukalime ardhi ya kukodi ni mojawapo.

Hapa lakini lazima nimlaumu mjomba wako kidogo, maana nisipofanya hivyo sitakuwa nimekutendea haki. Horatius alipomwandikia Maecenas kwa mzaha, alikuwa mdogo akimwandikia mkubwa. Aliyekuwa hatarini ni yeye. Mjomba wako ni mdai anayemwandikia mdaiwa, mzee anayemwandikia kijana. Mdaiwa hawezi kucheka kwa uhuru, wala hawezi kurudisha mzaha bila kuogopa kuonekana mtovu wa shukrani. Mzaha unaoshuka kutoka juu una uzito ambao aliyeutupa hausikii. Kama mjomba angeniandikia mimi, ningemwambia: ubeti wa nane ulistahili kuwa wa kwanza. Kijana angeona nira kabla ya kuona zulia, na asingelala na uchungu.

Kuna shairi moja la pwani ambalo wewe bila shaka unalijua, na linaonyesha jinsi jambo hili lilivyo gumu hata kwa wasomaji wakubwa. Mwaka wa 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa kiongozi wa Siu na mpinzani wa Sultani wa Zanzibar, alikuwa mgonjwa. Akamwita binti yake, Mwana Hashima, aje karibu na wino na karatasi, akamwachia wosia wa beti zaidi ya mia moja. Sehemu kubwa inamfundisha kumtunza mume: amkande, ampepee, asimwamshe, amsifu, amfanye ajione. Kwa miaka mingi watu wamelisoma kama funzo la utiifu, na chapa yake ya 1934, iliyotengenezwa na Alice Werner na William Hichens, ililitangaza kama shairi la wajibu wa mke. Mwaka wa 1991 mtafiti Ann Biersteker alilisoma kwa jicho jingine, akapendekeza kuwa ndani yake mna kinaya: kwamba mume anayehudumiwa hivyo anachorwa kama mtoto mchanga, na kwamba mwanamke aliyeishi katikati ya siasa za Siu alikuwa akimfundisha bintiye jinsi ya kushika mamlaka bila kuonekana ameshika. Wataalamu bado hawajakubaliana.

Mimi sidhani Mwana Kupona alikuwa akicheka. Nadhani alikuwa akimpa binti yake silaha, na kwamba alimaanisha kila neno, la juu na la chini yake. Ila ninachotaka ukione ni jinsi alivyoanza. Kabla ya wosia wowote alimsogeza mtoto karibu. Alitaja ugonjwa wake mwenyewe. Yeyote anayelisoma shairi lile, awe ameona utiifu au kinaya, hana shaka kuwa mama yule alimpenda Mwana Hashima. Msomaji anaweza kukosa kujua sauti ya mwandishi na bado akajua moyo wake. Umeshindwa kuamua mjomba alikuwa anacheka kiasi gani. Hilo si kosa lako wala halina dharura. Debe la njugu, pesa zisizo na riba na habari ya nira uliyofichuliwa wewe peke yako vinatosha kukujulisha moyo wake.

Nasema wewe peke yako, na hili ulitafakari. Barua ilikuja kwa mkono, imefichwa ndani ya debe. Mzee anayo simu. Angeweza kulituma shairi kwenye kundi la familia kwa kidole kimoja. Hakufanya hivyo. Aliyelipeleka hadharani ni wewe, kwa furaha, bila nia mbaya. Kwa hiyo ile aibu ya kuchekwa na binamu zako si ya kumdai yeye. Na fikiria alivyojisikia alipouona ubeti wa nane umebandikwa mbele ya shemeji na wajukuu. Huenda simu zile unazozikataa anapiga kwa sababu hiyo. Futa picha ile leo kama bado inafutika, na ukimwona mjomba mwombe radhi kwa hilo hasa, mkiwa wawili.

Usiuze mahindi mabichi. Anayenunua shamba lingali bichi hununua hasira yako kwa bei ya chini, na wewe ndiye utakayebaki na kodi ya ardhi. Horatius alipomwambia Maecenas kuwa yuko tayari kurudisha alivyopewa, alisema hivyo akiwa ametulia, na hakukimbia usiku kama Mena. Mlipatana ulipe baada ya mavuno. Kulipa mapema kwa hasara ili kumkomoa mzee kutamfanya aamini kwamba kweli ulikuwa huna moyo wa mkulima.

Na mjibu. Amekuambia anangoja jibu, na kwa mshairi wa Kiswahili hilo si neno la kufungia barua tu. Ushairi wetu umekua kwa watu kujibizana: Muyaka bin Haji na wenzake kule Mombasa katika karne ya 19, na baadaye washairi wa magazeti waliosubiri toleo lijalo waone nani amewajibu. Ukimwandikia mzee ujumbe mfupi wa "nimepata barua asante" utakuwa umemfungia mlango usoni. Tumia bahari yake, mizani nane kwa nane, na vina vyake ukiweza. Usimrudishie mzaha kwa kipimo kile kile, kwa sababu bado anakudai radhi. Ubeti mmoja umkubalie kuhusu viatu, ikiwa ni kweli. Mmoja umweleze kwa unyoofu kwamba maneno yake yalikuumiza kwa kuwa una deni lake. Mwalimu aliyeandika ubeti wa nane ataelewa. Beti mbili au tatu zimpe hesabu halisi ya shamba: umetumia kiasi gani, mahindi yamefika wapi, una hofu gani. Halafu ubeti wa mwisho umuulize juu ya ng'ombe. Alikuwa na rangi gani, alikuwa akiitwa nani, ulikuwa mwaka gani. Usimpe pole kabla hajakujibu. Mwache asimulie.

Kuhusu Agosti, nenda na ndugu yako. Umweleze njiani, labda mkiwa kwenye matatu baada ya Kamukuywa, kwamba mjomba atamkaripia mbele ya watu na kwamba asijifanye hakusikia; machozi yakija yaje. Wewe ukifika usikae nyuma na vijana. Kaa karibu na mzee, na shughuli ikishatulia umwombe aje Kiminini kuliona shamba kabla mahindi hayajakauka. Mwonyeshe mistari iliyostawi na ile iliyodumaa, zote mbili. Mwachie aingie kati ya mahindi na viatu vyake, ayakague majani, akuambie anachokiona. Mpe mkeo nafasi ya kuzungumza naye pia, kwa maana katika nyumba yako yeye ndiye aliyejua kusoma barua ile, na nahisi mzee na yeye wataelewana haraka. Na Desemba, ukishauza mahindi yaliyokauka vizuri, mpelekee elfu sitini zake Chwele kwa mkono wako.

Wako,
Mwalimu